Kulala hemani kando ya Ziwa Naivasha: mwongozo wa anayetoka Nairobi kwa mara ya kwanza

Kila shule zikifungwa, au sikukuu ikiangukia Ijumaa, maswali ni yale yale. Kiboko hawezi kutuingilia? Vyoo vipo? Hema la watu wanne linatosha watu wanne kweli? Tunaweza kuogelea? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, ili anayeuliza apewe hii asome akiwa ndani ya matatu.

Nazungumzia kambi za kusini mwa Ziwa Naivasha, zile zilizo kando ya barabara ya Moi South Lake. Kutoka katikati ya Nairobi hadi mjini Naivasha ni kilomita 90 hivi, kisha kama 20 zaidi hadi kambini. Utalala kwenye nyasi chini ya migunga mirefu yenye gome la manjano, ziwa likiwa mbele yako. Bafu na vyoo ni vya wote. Stima ipo mapokezi na kwenye baa, lakini usitarajie soketi karibu na hema.

Wageni wengi huandaa mchana: nyama, spika, nguo za kupigia picha. Mchana wa Naivasha hauna shida, utajipeleka wenyewe. Mtihani ni usiku, na matokeo yake huamuliwa kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni. Ukiyatumia masaa hayo matatu vizuri utalala fofofo. Ukiyatumia kwenye foleni ya Rironi au kwenye baa, utakesha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Hema lenye kitambaa cha pili cha juu cha kuzuia mvua. Likiandikwa la watu wanne, hesabu wawili na mizigo yao, au watatu wanaopendana sana. Kambi nyingi hukodisha mahema na magodoro, kwa hiyo kwa safari ya kwanza usinunue. Kodi kwanza, ujue kama maisha haya yanakufaa.
- Kitu cha kutandika chini: godoro jembamba la sponji au mkeka mnene wa sponji. Godoro la kujaza upepo ni tamu, ila mgunga una miiba mirefu na miiba haijui bei ya godoro.
- Mfuko wa kulalia, au blanketi mbili nzito kwa kila mtu. Gikomba na Toi utapata mifuko ya kulalia na majaketi ya mitumba ya hali nzuri. Fungua zipu yote kabla ya kulipa, uifunge tena.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Taa ya simu haitoshi, na utaihitaji hiyo chaji kesho.
- Maji ya kunywa na kupikia, lita tano kwa kila mtu kwa siku, ndani ya mtungi unaofunga vizuri.
- Jiko la makaa au meko ndogo ya gesi, kiberiti pakiti mbili zilizowekwa mahali tofauti, sufuria mbili zenye vifuniko, mwiko, kisu na kibao.
- Sanduku au ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Hili watu hulipuuza. Utaona sababu yake nikifika kwa tumbili.
- Kamba ya mita kumi, nyundo ndogo, vigingi vya ziada, turubai dogo.
- Soksi nzito, kofia ya sufu, sweta, kandambili za kuogea, viatu vilivyofungwa vya kutembelea usiku.
- Dawa ya mbu ya kujipaka, dawa za kila siku, plasta, dawa ya maumivu.
- Pesa kwenye M-Pesa na noti kidogo mfukoni, maana mtandao ukizubaa mwenye kuni hatakusubiri.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 2017, kwa hiyo takataka zako zibebe kwenye gunia au ndoo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku, kisha piga simu.

Ukiweza, nenda Jumapili urudi Jumanne. Wikendi kambi zile hujaa vijana wenye spika kubwa kuliko mahema yao, na kama ulikwenda kusikiliza furukombe akilia juu ya mti utasikiliza amapiano. Wiki ya Safari Rally, ambayo tangu 2021 imekuwa ikifanyika Naivasha, usijaribu kwenda bila kulipia nafasi mapema, kwani mji mzima hujaa. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei na za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kukavu kiasi, lakini baridi ya usiku ni kali.

Unapopiga simu, uliza haya: ada ni kwa kila mtu kwa usiku au kwa hema? (Mara nyingi ni kwa kila mtu, na hema la kukodi ni bei nyingine.) Gari linalipiwa? Kuni zinauzwa hapo? Chakula na vinywaji vya kutoka nje vinaruhusiwa? Uwanja wa karibu na maji umekauka? Swali hilo la mwisho ni muhimu. Tangu miaka ya 2019 na 2020 ziwa limepanda sana na kumeza sehemu za kando, na picha nzuri uliyoiona huenda ilipigwa mahali ambapo sasa samaki wanapita.

2. Simamisha hema nyumbani kwanza.

Fanya hivyo uani, kwenye paa la nyumba ya kupanga, hata sebuleni ukisogeza meza. Hesabu fito na vigingi. Funga na ufungue zipu zote, na wavu wa mbu uangalie dhidi ya mwanga uone matundu. Ukikodi Nairobi, fungua hema palepale dukani kabla ya kulipa. Fito iliyopasuka utaiona hapo, wala si saa moja usiku chini ya mgunga.

3. Toka mapema.

Kwa matatu, panda gari la Naivasha maeneo ya Nyamakima au River Road. Ukishuka mjini Naivasha, tafuta stejini gari la kwenda Kongoni. Linapita Karagita na kambi zote za barabara hiyo. Mwambie makanga jina la kambi unapopanda, umkumbushe mkifika Karagita. Mizigo mikubwa huenda ikalipiwa kiti, mkubaliane kabla mlango haujafungwa.

Wenye gari wana njia mbili. Ya juu hupitia Limuru na Kinale, na asubuhi ukungu huweza kuwa mzito hadi usione lori lililo mbele. Ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Maai Mahiu, malori ni mengi na nafasi za kupita ni chache, lakini ina faida kwamba unaingia Moi South Lake bila kupita katikati ya mji. Kwa njia yoyote, lenga kuwa kambini saa tisa alasiri, saa kumi ukichelewa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima na giza huingia ghafla.

Nyama na mboga nunua mjini Naivasha. Samaki utapata Karagita au Kamere, vituo vidogo vya barabara ya kambini, na Kamere kuna vioski vya unga, chumvi na mandazi. Ukiisha kutulia kambini, kurudi nyuma kufuata chumvi ni bodaboda kwenda na kurudi.

4. Chagua mahali pa hema kabla ya kushusha mizigo.

Hapa usiwe na haraka. Mwache dereva apumzike, wewe zunguka uwanja mzima. Unatafuta mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, ua wa umeme. Kambi nzuri zina waya wa stima unaotenganisha uwanja wa mahema na ufuo. Hema lako liwe upande wa ndani, na uache hatua kadhaa kati yake na waya. Kama kambi haina ua, au ua umekatika na mlinzi anakwambia "hakuna shida", tafuta kambi nyingine wakati jua lingali juu.

Pili, inua macho. Mgunga wa manjano una tabia ya kuangusha matawi, hasa baada ya mvua na upepo. Utaona kando ya ziwa miti mizima iliyokufa imesimama ndani ya maji, mieupe, haina jani; ni ile iliyozama ziwa lilipopanda. Miti ya nchi kavu ina matawi makavu pia. Usilale chini ya tawi lisilo na majani hata kama kivuli chake kimekupendeza, na kama ardhini pana vipande vya matawi vilivyovunjika juzi, miti imeshakuambia.

Tatu, mteremko. Lala chali kwenye nyasi pale unapopafikiria, dakika moja tu. Damu ikikukimbilia kichwani, geuza upande. Epuka shimo lolote, hata dogo, kwa sababu mvua ikinyesha ndiko maji yataenda.

Nne, njia ya choo. Iwe fupi na inayoonekana. Wale wanaotaka kuwa mbali na choo kwa sababu ya harufu huwa wa kwanza kujuta saa nane usiku.

Ukishapapata, fagia miiba. Pitisha mkono polepole juu ya nyasi ukiwa umevaa soksi mkononi, okota kila mwiba, halafu tandaza turubai. Turubai lisizidi ukubwa wa sakafu ya hema. Likitokeza nje, litakusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yako.

5. Simamisha hema kana kwamba upepo unakuja, kwa sababu unakuja.

Alasiri upepo huamka juu ya ziwa. Udongo wa Naivasha ni wa volkano, mwepesi, na ukikauka ni vumbi tupu. Kigingi kilichosimama wima hung'oka kama karoti. Kipigilie kikiwa kimelala, kichwa kikielekea mbali na hema, kizame hadi kamba iguse udongo. Pasiposhika, funga kamba kwenye jiwe kubwa au ndoo ya maji.

Mlango uupe upepo mgongo. Kitambaa cha juu kivute hadi kisiguse kile cha ndani popote. Hili ndilo kosa linalofanya watu waamke wakidai hema linavuja. Haivuji, ni pumzi zenu zimegeuka maji kwenye kitambaa baridi. Acha dirisha la juu wazi kidogo, wavu ukiwa umefungwa.

Tandika kitanda saa hiyo hiyo, kabla ya kufungua soda ya kwanza. Tochi iwe mahali mkono unapafikia bila kutafuta.

6. Washa moto mapema, pika chepesi.

Kuni nunua kambini au Kamere. Usikate mti wala kuvunja tawi, hata kavu, bila ruhusa. Moto uwake mahali palipotengwa, mbali na mahema. Nailoni inashika moto kwa kasi ambayo hutaamini.

Usiku wa kwanza si wa pilau. Njoo na githeri iliyochemshwa nyumbani, unakaanga tu na kitunguu na nyanya. Au chapati zilizopikwa jana na nyama ya kuchoma. Ugali juu ya kuni unawezekana, ila mmoja ashike sufuria kwa kitambaa kinene huku mwingine akisonga, maana mawe matatu hayana msimamo wa jiko la nyumbani. Muwe mmekula na kuosha vyombo ifikapo saa moja na nusu.

Maji ya ziwa usinywe, hata ukiyachemsha. Mashamba ya maua na mboga yamezunguka ziwa, na dawa za shambani hazitolewi na kuchemka. Maji ya kisima ya kambi ni sawa kwa kuosha. Kwa kunywa tumia ya mtungi wako. Maji ya visima sehemu hizi yana floridi nyingi, ingawa siku mbili hazitakubadilisha rangi ya meno.

7. Ficha chakula, hata mchana.

Tumbili wa kambini ni wakazi wa kudumu, wewe ni mpangaji. Wanakaa kwenye matawi wakitazama nani ameweka nini wapi. Ukiacha mkate juu ya meza ukageuka kuchukua kikombe, mmoja atashuka, ataupiga kwapani na atakuwa juu ya mti kabla hujapiga kelele. Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni chakula ndani ya hema: zipu ikiwa wazi kidogo wanaingiza vidole na kuisukuma, na ikigoma watapasua kitambaa. Hema la kukodi likipasuka ni deni lako.

Kwa hiyo, chakula chote kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ndani ya gari. Usiye na gari, omba mapokezi wakuhifadhie. Mara nyingi hukubali. Ndizi usizipeleke hemani hata moja. Usiwalishe, wala usiwaruhusu watoto wawalishe: tumbili aliyezoea kupewa humkwapulia mtoto mkononi na kumkwaruza. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu, hukaa juu na kula majani yao. Hao watazame tu.

8. Usiku: kiboko.

Mchana anakaa majini. Jua likizama hutoka kula nyasi, na nyasi za kambi, zilizomwagiliwa na kufyekwa, ni karamu. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona: sauti ya nyasi zikikatwa, krap, krap, krap, kisha pumzi nzito, kisha krap tena. Ukimulika upande wa pili wa waya utaona mgongo unaong'aa na kinywa kipana kilichobandikwa ardhini. Anaweza kula kilo 40 kwa usiku mmoja, kwa hiyo hana haraka.

Sasa kanuni, na hizi hazina mjadala:

Usivuke ua wa umeme kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi jua litakapochomoza vizuri. Si kwa picha, si kwa mpira ulioangukia huko.

Usisimame kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani, na yeyote aliye njiani anakanyagwa au kung'atwa. Uzito wake unapita tani moja na nusu, na kwa mbio fupi anakushinda.

Ukimwona ndani ya kambi, usipige kelele wala kumrushia kitu. Rudi nyuma taratibu hadi kwenye jengo, gari, au nyuma ya mti mkubwa, umwite mlinzi.

Ukibanwa na haja usiku, mulika kwanza ukiwa mlangoni: kushoto, kulia, mbele. Sikiliza. Kisha toka, viatu miguuni, watu wawili wawili. Asiyetaka kutoka kabisa awe na ndoo yenye kifuniko ndani ya kibaraza cha hema. Si aibu, wazoefu wanafanya hivyo.

Waya wenyewe usiuguse, na usianike taulo juu yake. Watoto waonyeshwe mchana, wauelewe, kabla hawajaanza kucheza.

9. Kulala bila kutetemeka.

Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Nairobi, na hakuna kuta za jirani za kukupa joto. Usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 na chini yake. Baridi kubwa hutoka ardhini, kwa hiyo ukiwa na blanketi mbili, moja iwe chini yako. Badilisha nguo zote ulizoshinda nazo. Jasho la mchana ni barafu ya usiku. Vaa soksi kavu na kofia. Chupa ya chuma yenye maji moto, ikifungwa vizuri na kuviringishwa kwenye leso, iweke miguuni.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usiingize jiko la makaa ndani ya hema. Hata makaa yakibaki majivu mekundu, hata ukiacha mlango wazi kidogo, hata kwa dakika kumi tu za kupasha joto. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inakuletea usingizi mzito, na usingizi huo ndio unaoua. Meko ya gesi vilevile ibaki nje. Kabla ya kulala, mwagia makaa maji, koroga, mwaga tena.

10. Asubuhi ziwani.

Swali la kuogelea: hapana. Kuna viboko, ambao kichwa chao huweza kuwa chini ya maji dakika kadhaa usijue wapo, na kuna magugu yanayonasa miguu. Ufuo wa hapa ni wa kukaa, kutembea kwenye nyasi na kutazama ndege. Ukitaka kuogelea, tafuta hoteli yenye bwawa ulipie kwa siku.

Mashua ni jambo jingine, na ni tamu. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Alasiri upepo huinua mawimbi na mashua ndogo hupata tabu. Patana bei kabla ya kupanda: ni kwa mashua au kwa mtu, ni saa nzima au nusu? Kila mmoja avae jaketi la kuelea, lifungwe kifuani. Wakikwambia majaketi yameisha, shuka. Nahodha akisogea karibu na kundi la viboko ili mpate picha, mwambie arudi nyuma; bakshishi anaipata hata kwa picha ya mbali.

Kisiwa cha Crescent kinafaa familia: unatembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia na kuro. Kina ada yake ya kuingia, tofauti na ya mashua.

11. Hell's Gate, ukiongeza siku.

Lango la Elsa liko kilomita chache kutoka kambini. Hii ni mbuga unayoruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli, na baiskeli za kukodi utazipata njia panda na langoni. Jaribu breki na gia kabla ya kulipa. Ada hulipwa kupitia eCitizen, noti hazipokelewi, kwa hiyo lipa ukiwa bado na mtandao. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020; beba maji kwenye chupa ya chuma. Nyati wapo, usiwakaribie. Kwenye korongo usishuke bila mwongozaji, na usishuke kabisa kukiwa na wingu zito hata kama ni mbali: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo Septemba 2019, na maji yale yanaweza kutoka mvua ambayo wewe hata hukuiona.

12. Fungasha.

Acha hema likauke hadi saa nne, ukiligeuza. Kung'uta vumbi, hesabu vigingi mara mbili. Takataka zote rudi nazo au weka mahali kambi ilipoelekeza. Tumbili hufukua kilichozikwa. Kama ulikwenda wikendi na unarudi Jumapili, ondoka kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo magari ya kutoka Nakuru na Gilgil yameshajaa barabarani, nauli imepanda, na safari ya saa mbili inakuwa ya nne.

Mambo yakienda kombo

*Mvua imeanza na hema linaingiza maji.* Sogeza vitu vyote katikati, hakuna kinachogusa ukuta. Kaza kamba za nje, kwa kuwa kitambaa kikilowa hulegea. Funika upande wa upepo kwa turubai. Usichimbe mtaro kwenye nyasi za watu. Hamisha hema ikibidi, watu wanne wanaweza kulibeba likiwa limesimama.

*Fito imevunjika.* Funga kijiti kilichonyooka au mpini wa mwiko kando ya mvunjiko kwa gundi ya utepe, pande zote mbili. Itakufikisha asubuhi.

*Zipu imekwama au imeachana.* Usivute kwa nguvu. Ondoa vumbi kwa mswaki mkavu, paka mshumaa au sabuni ya kipande. Ikiwa meno hayashiki, kibane kichwa cha zipu kidogo kwa koleo.

*Kuni ni mbichi, zinatoa moshi tu.* Pasua katikati, sehemu ya ndani huwa kavu zaidi. Anza na makaa machache yaliyoshika vizuri ndipo uweke kuni juu yake. Usimwage petroli wala mafuta ya taa kwenye moto uliokwisha kuwaka.

*Wadudu wadogo wamejaa kwenye taa.* Hutoka ziwani na hawaumi. Zima taa ya hema, weka moja mbali na mnapokaa, watahamia huko. Mbu ni wengine, jipake dawa kabla ya jua kuzama.

*Nyoka ameonekana.* Mwachie njia, ita wafanyakazi wa kambi. Viatu vyako vikung'ute kila asubuhi na zipu isibaki wazi. Akiuma mtu, asitembee na msikate wala kunyonya jeraha. Tafuta gari, hospitali iko mjini Naivasha.

*Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, na kulikuwa na jiko karibu.* Mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, awe amelala au hapana, kisha hospitali. Namba za dharura ni 999 na 112.

*Jirani ana muziki saa saba usiku.* Nenda kwa mlinzi, usiende kwa jirani. Mlinzi akishindwa, pamba masikioni, na safari ijayo uende Jumapili kama nilivyosema.

*Umefika Nairobi, hema bado lina unyevu.* Litundike kwenye roshani au kamba ya nguo siku hiyo hiyo, hata kama umechoka. Likikaa kwenye mfuko hadi wiki ijayo litaota ukungu mweusi, na harufu ile haitoki kwa Omo.